Kuumwa na mbu: namna ya kutuliza muwasho kabla haujawa kidonda

Mbu anayeuma ni jike tu. Dume hanywi damu. Jike akishachoma ngozi hutema mate yanayozuia damu isigande, na mate hayo ndiyo mwili unayoyakataa. Chembe za ulinzi zilizo chini ya ngozi humwaga histamini, yaani kemikali ya mwili inayoleta muwasho, mishipa midogo ya damu hupanuka, neva za muwasho huchokozwa, na ndani ya dakika chache uvimbe laini unainuka. Kesho yake huwa kipele kigumu kinachoweza kuwasha kuliko jana. Ukikuna, ngozi inachokozwa upya na muwasho unarudi kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kazi ni mbili: kutuliza histamini, na kuzuia kucha.

Anza kwa maji na sabuni ya kipande, bila kusugua. Sabuni haiyatoi mate yaliyokwisha kuingia ndani. Inaondoa vijidudu, maana vidole vitapita hapo hata mtu akijizuia vipi.

Kisha baridi, na hii ndiyo tiba tunayoiamini kuliko zote za nyumbani. Funga vipande viwili vitatu vya barafu kwenye kitambaa au pindo la kanga lililokunjwa mara mbili, weka juu ya uvimbe kwa dakika 10, pumzisha dakika 10, rudia ukihitaji. Barafu tupu isiguse ngozi: inaunguza, na ya mtoto huungua upesi zaidi. Kama hakuna friji, chovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, kamua, weka, kisha pepea, kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto la ngozi. Kitambaa kikishika joto, chovya tena. Hamu ya kujikuna ikizidi katikati ya hayo, bonyeza uvimbe kwa kiganja na uhesabu hadi 30.

Bekingi soda nayo inasaidia. Chukua kijiko 1 cha chakula, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka upate uji mzito usiotiririka, paka, acha dakika 10, osha. Wanaolala nayo huamka ngozi imekauka na kuwasha upya. Angalia pia usichanganye na magadi ya kulainishia maharage. Hayo ni makali zaidi na yanachoma, hasa pale ngozi ilipokwisha kuchubuka kwa kucha.

Mwenye mshubiri uani autumie, ila auandae vizuri. Kata jani nene la chini, lisimamishe kwenye bakuli, upande uliokatwa ukitazama chini. Tazama kingo za jani, pale ganda linapokutana na nyama: utomvu wa manjano, wenye harufu kali, utachuruzika polepole. Huo ndio unaowasha ngozi za watu wengi, na ndio sababu wengine husema mshubiri uliwadhuru. Subiri dakika 10 hadi 15 ukome, suuza jani, menya ganda upande mmoja, na utumie ule ute angavu wa ndani peke yake. Kama hujawahi kuutumia, paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri hadi kesho. Unapoza ngozi, usiutarajie zaidi ya hapo.

Hayo yasipotosha, nenda duka la dawa. Losheni ya kalamini ni ya bei ya chini na ni salama kwa watu wengi. Tikisa chupa mpaka unga ulioganda chini uinuke wote, la sivyo unapaka maji matupu. Weka kwa pamba, acha ikauke, mara 3 au 4 kwa siku.

Hatua inayofuata ni krimu ya haidrokotizoni ya 1%: kiasi cha punje ya mchele kwa kila uvimbe, mara 2 kwa siku, isizidi siku 7. Usiipake usoni wala kwenye kidonda, na mtoto wa chini ya miaka 10 asipakwe kabla ya kumuuliza mfamasia. Hapa tunaomba usikilize vizuri. Ukiuliza dawa ya muwasho dukani unaweza kupewa krimu yenye betamethazoni au klobetasoli, wakati mwingine imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria kwenye tyubu moja. Klobetasoli hiyohiyo huwekwa kwenye mikorogo ya kujichubua. Ni kali mno kwa kuumwa na mbu, na ikitumika muda mrefu huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Soma tyubu kabla ya kulipa.

Ukiwa umeumwa sehemu nyingi, kidonge kinafaa kuliko kupaka. Mtu mzima humeza setirizini miligramu 10 mara moja kwa siku, au loratadini miligramu 10. Klorofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton, inafanya kazi lakini inaleta usingizi mzito. Usiendeshe bodaboda wala gari baada ya kuimeza, na usiichanganye na pombe. Setirizini nayo huwasinzisha baadhi ya watu, hivyo ni vyema dozi ya kwanza uimeze jioni. Kwa mtoto, mwambie mfamasia umri na uzito wake akupimie dawa ya maji. Usikate kidonge cha mtu mzima kwa kukisia.

Kuna vitu ni bora viachwe kabisa. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Dawa ya meno hupoza kwa dakika chache, kisha hukausha. Ndimu ni mbaya zaidi kuliko watu wanavyodhani: maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi huleta malengelenge, halafu doa jeusi la wiki kadhaa. Kijiko cha moto kinachobandikwa juu ya uvimbe kimeacha makovu mengi, kwa sababu hakuna anayejua joto lake mpaka kimeshagusa.

Usiku wa mtoto ndio mgumu. Kabla ya kulala muogeshe maji ya uvuguvugu, kwa sababu ya moto huamsha muwasho. Kata kucha, kisha zilainishe ncha, kwani kucha iliyokatwa punde huwa na ukingo mkali. Weka kitambaa baridi kwa dakika 10, umvishe nguo nyepesi ya pamba yenye mikono mirefu, halafu chomeka chandarua chini ya godoro pande zote. Mlaze katikati: mkono ukigusa wavu, mbu anauma kupitia matundu. Watoto wengine hubaki na vipele vigumu kwa wiki nyingi, na mbu mpya akiuma mguuni, vipele vya zamani vya mkononi huamka navyo. Si uchafu wala si damu mbaya. Kwa wengi hupungua kadiri wanavyokua.

Kipele kilichokunwa kikiingia bakteria, kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, basi usiutegemee. Pitisha mgongo wa mkono: je, hapo ni moto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, panauma badala ya kuwasha, panatoa usaha au ukoko wa rangi ya asali? Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu ya wino. Ukivuka mstari, au homa ikianza, nenda zahanati siku hiyohiyo. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usisubiri dakika hata moja.

Homa inayokuja siku 7 hadi mwezi mmoja baadaye ipimwe malaria, hata kama vipele vimeshapona. Kama umeumwa na mbu wa mchana, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na homa imekuja na maumivu nyuma ya macho, uliza pia kuhusu dengi, yaani kidingapopo, ambayo Dar es Salaam ilikumbwa nayo mwaka 2014 na tena 2019. Mpaka majibu yatoke, tuliza homa kwa parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu.