AC ya Celica ya zamani: somo la wanaouliza "nijaze gesi gani?"

Joto likipanda Kisumu, simu yangu inajaa swali lile lile: Toyota Celica ya miaka ya 80 haipoi, nijaze gesi? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena mleteni hapa.

AC haili gesi jinsi injini inavyokula petroli. Ikipungua, kuna mahali inatoroka. Kujaza bila kutafuta tundu ni kuwapoza watu wa Kondele kwa pesa yako.

1. Fiuzi, rilei, mkanda. Angalia.

2. Klachi ya kompresa isiposhika, huenda swichi ya presha imekata umeme kwa sababu gesi imeisha. Usiiruke kwa waya: kompresa itazunguka bila oili.

3. Gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine, usiifungulie hewani. R12, gesi ya asili ya magari haya, inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuiondoa sokoni.

4. Tafuta tundu kwa naitrojeni kavu, psi 150 hivi, na povu la sabuni. Oksijeni ya welda USITUMIE. Ikikutana na oili chini ya presha, inalipuka.

5. Oringi (pete za kuzibia maungio) zote mpya, za mpira wa HNBR. Draya, yaani kopo linalonyonya unyevu, mpya pia. Vifuniko vyake vitoke dakika ya mwisho.

6. Utakayojaza sasa ni R134a, gesi iliyochukua nafasi ya R12. Haichanganyiki na oili ya madini ya R12. Mwaga ya zamani, tia ya esta.

7. Vakyumu, yaani kuvuta hewa yote kwa pampu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Presha ikikaribia sifuri, maji yaliyo ndani huchemka bila moto na kutoka kama mvuke. Yakibaki, yanaganda kwenye ekspansheni valvu (kijitundu gesi inapopita ili ipoe), na pamoja na gesi na oili yanazaa asidi inayoila kompresa. Sasa, kwenye video za mtandaoni geji inasoma inchi 29 za zebaki, kwa sababu wenzetu wako karibu na usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130 juu. Hapa 26 ndiyo kikomo cha geji. Kuna waliotupa pampu nzima hapa mjini wakidhani imechoka! Iache ivute saa moja, funga valvu za geji KABLA ya kuizima, kisha ngoja nusu saa. Mshale ukirudi, nawe rudi hatua ya 4. Usijiambie ni kidogo tu.

8. Pima gesi kwa mizani: asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R12. Kibandiko kikisema gramu 900, anza na 720, usipite 765. Injini ikiwa inaunguruma, jaza upande wa presha ya chini pekee, kopo wima. Ukifungua upande wa juu, kopo linaweza kukupasukia mkononi.

Mdau wa Mamboleo: Boss, sijasoma yote. Kopo moja tu halitatosha?

Soma yote.

Kijana wa Kibuye: Fundi anasema gesi ya kupikia inapoza vizuri na ni bei nafuu.

Inapoza. Inashika moto pia, na evapureta, sehemu inayopoza hewa, iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti yako. Aanze na gari lake.

Kijana wa Kibuye: Lakini amewawekea wengi.

Nimeshajibu.

Mdau wa Nakuru: Asante mkuu. Huku geji inakwama 24 hata pampu ikivuta mchana kutwa. Ni mwinuko?

Ndiyo, na umeuliza vizuri. Nakuru iko kama mita 1,850, na hewa yenyewe huko ina presha ya inchi 24 hivi. Hakuna zaidi cha kuvuta. Kwa haraka, kila mita 300 za kupanda toa inchi moja. Ukipata geji ya mikroni, bora zaidi: inahesabu kutoka sifuri halisi, mwinuko hauisumbui. Ikishuka chini ya 500 na kutulia hapo, jaza.

Dada wa Milimani: Yangu inapoa nikiwa barabara ya Kakamega, nikiingia foleni ya mjini inapuliza joto.

Kondensa, ile rejeta ya AC mbele ya gari, haipati hewa, dada. Angalia feni yake, na uangalie wale wadudu wa ziwani; wanajibana kwenye vibati vya alumini. Osha kwa maji ya mpira kutokea upande wa injini. Mashine ya kuoshea magari itavikunja.

Dada wa Milimani: Wadudu wamejaa kweli! Na feni haizunguki.

Ipe umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka, fuata rilei na waya zake. Usikubali kuuziwa mota.