Jinsi ya kujenga utando wa kiini cha seli ndani ya tyubu, kwa mayai ya chura

Darasani utando wa kiini, yaani ngozi inayofunika DNA ndani ya seli, unachorwa duara mbili tu alafu mwalimu anaendelea na mada, kumbe kila seli ya mwili wako ikijigawa ule utando unabomolewa wote na kujengwa upya ndani ya dakika chache, na hiyo kazi ya ujenzi unaweza kuitoa nje ya seli kabisa ukaiangalia kwenye tyubu. Mwaka 1983 Manfred Lohka na Yoshio Masui walionyesha inawezekana, walisaga mayai ya chura, wakaweka humo mbegu za kiume za chura zilizovuliwa utando, na viini vikajijenga. Mwaka huohuo Forbes, Kirschner na Newport wakadunga DNA ya kirusi kinachoshambulia bakteria kwenye yai la chura, na hiyo nayo ikavishwa utando! DNA ambayo haijawahi kuishi ndani ya kiini tangu iumbwe. Kwa hiyo shika hili kabla hujagusa pipeti: DNA ndo inauita utando, wewe kazi yako ni kuandaa mazingira tu.

Chura anayetumika ni Xenopus laevis, wa kusini mwa Afrika, yule aliyesafirishwa dunia nzima kuanzia miaka ya 1930 kupimia mimba maana jike akidungwa mkojo wa mama mjamzito anataga. Homoni iliyokuwa inamfanya atage, hCG, ndo hiyohiyo tunamdunga leo jioni ili kesho asubuhi tukute mayai. Na kwa nini mayai? Kwa sababu kiinitete cha huyu chura kinajigawa mara 12, kinafika seli kama 4,000, kabla hakijaanza kutumia jeni zake vizuri, so mama ameshaweka stoo ya protini na utando wa kutosha viini maelfu ndani ya yai moja. Hakikisha una kibali cha kutunza wanyama wa maabara, na jike umpumzishe miezi kadhaa kabla ya kumdunga tena.

Asubuhi angalia mayai ya kila chura peke yake, usichanganye. Yai zuri lina upande mweusi na upande mweupe na mpaka wake unaonekana safi, ukiona yamevimba, yamepauka au yametoka kama kamba basi achana na mayai ya huyo chura siku hiyo, usiyaonee huruma maana machache mabovu yanaharibu ekstrakti yote (yaani juisi ya mayai tutakayoipata). Alafu toa ute kwa sisteini asilimia 2 yenye pH karibu 7.8, mayai yataanza kushikana na kujipanga chini ya bika, hapo suuza haraka kwa bafa, usiyaache yakae.

Yai lililotagwa limesimama katikati ya kujigawa, na katika hali hiyo utando hauwezi kujengwa kwa sababu kimeng'enya cha CDK1, kinachoendesha kujigawa kwa seli, kimezibandika fosfeti protini za utando. Kinachoamsha yai ni kalsiamu, ndo kazi ambayo mbegu ingefanya, sisi tunatumia ionofoa ya kalsiamu (kemikali inayopitisha kalsiamu kwenye utando) dakika chache tu. Weka na saikloheksimaidi, dawa inayozuia kutengeneza protini, ili yai lisitengeneze saiklini mpya (protini inayoiwasha CDK1) likarudi kujigawa.

Zungusha kwanza polepole mayai yajipange, fyonza bafa yote ya juu (hapa watu wengi wanafanya haraka, na maji yakibaki ekstrakti inakuwa nyepesi na viini havikui), kisha zungusha kwa nguvu kama g 10,000 kwa dakika 15, nyuzi 4. Yatapasuka na kujipanga matabaka: juu mafuta ya njano, chini kiini cha yai (ile akiba ya chakula, sio kiini cha seli) na rangi nyeusi, katikati saitoplazimu. Hiyo ya katikati ndo yako, toboa tyubu ubavuni kwa sindano uivute taratibu, weka kwenye barafu, ongeza ATP (nishati ya seli) na mfumo wa kuirudisha yaani kreatini fosfeti na kreatini kainesi.

Sasa weka mbegu zilizovuliwa utando kwa lisolesithini (kemikali inayoyeyusha utando), kama 1,000 kwa kila maikrolita, tumia ncha ya pipeti iliyokatwa mdomo usije ukazikata DNA, na acha kwenye nyuzi 20 hadi 22. Kila dakika 10 chukua tone, tia rangi ya DNA na rangi ya utando, angalia kwenye maikroskopu. Mwanzoni mbegu ni kijiti chembamba kilichopinda, kisha inavimba maana protini ya yai iitwayo nukleoplazmini inang'oa protini za mbegu, alafu utando unaanza kushika pembeni vipande vipande. Hapo kwenye DNA kuna protini ya RCC1 inayotengeneza Ran yenye GTP (Ran ni protini ndogo, ikishika GTP ndo imewashwa), na hiyo Ran inazifungua protini za matundu (milango midogo ya utando) zilizokuwa zimeshikwa na impotini, protini ya kubeba mizigo kuingia kiini, wakati protini nyingine, ELYS, imeshakaa kwenye kromatini (DNA na protini zake) inaziita zije zijenge matundu. Mwaka 2000 Zhang na Clarke walipaka Ran kwenye vishanga tu, bila DNA, na utando ukajengwa, mimi hilo jaribio bado linanisisimua. Kwenye nusu saa hivi duara linakuwa limefungwa, baadaye kiini kinaingiza lamini (protini zinazoshikilia utando kwa ndani) kupitia matundu na kinaendelea kukua.

Lakini duara zuri kwenye maikroskopu sio ushahidi kwamba limefungwa. Weka dekstrani inayong'aa ya kilodalton 150 (sukari ndefu, kubwa mno kupita kwenye matundu): kiini kikibaki cheusi kwenye bahari ya mwanga, utando umefungwa, mwanga ukiingia ndani basi umepasuka au haujafunga. Kisha pima matundu, weka protini inayong'aa yenye alama ya kuingia kiini, hii lazima ijikusanye ndani. Dekstrani ikibaki nje na protini nayo ikagoma kuingia, utando upo ila matundu hayajajengwa.

Utando usipofunga kabisa, anza na ATP, ikiisha kila kitu kinasimama. Ya pili angalia idadi ya mbegu, zikizidi sana utando unagawanyika mpaka hautoshi. Ya tatu jaribu kutenganisha ekstrakti kwa g 200,000 upate saitosoli upande mmoja na utando upande mwingine, kisha ujaribu kila fungu na fungu zuri la siku nyingine, ndo utajua lipi limeharibika. Mafungu yote mawili yanakaa vizuri kwenye naitrojeni kimiminika, gandisha vipimo vidogovidogo na usirudie kugandisha kilichokwisha yeyuka.