Komite kwanza, kocha baadaye: namna ya kuchagua bila kujuta

Léopards, timu ya taifa ya Kongo (RDC), wakipoteza mchezo, hapa Lubumbashi kuanzia Kamalondo hadi Ruashi kocha anafukuzwa kabla redio haijazimwa. Mshabiki ana haki hiyo. Lakini wewe uliye prezida wa klabu, katibu wa entente au mjumbe wa ligi ya Haut-Katanga, kazi yako inaanzia nyuma zaidi: siku unapotumbukiza karatasi kwenye sanduku kumchagua mtu atakayetia sahihi mkataba wa huyo kocha. Mwongozo huu unafuata njia hiyo toka kura hadi mkataba, na kwenye mkataba tumekaa zaidi, maana ndiko pesa nyingi zinakopotelea.

Kura yako inapanda ngazi

Mpira wa Kongo umepangwa kama ngazi: klabu, halafu entente (umoja wa klabu za mji au eneo), halafu ligi ya mkoa, na juu FECOFA, shirikisho la mpira la nchi. Linafoot, ligi ya taifa, inaendesha michuano ya kitaifa. Ukikosea ngazi ya chini, huko juu utapiga makofi tu. Kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya mkutano mkuu uwe na karatasi tatu mkononi: katiba inayotumika sasa (tazama tarehe ya kupitishwa, kwa sababu nakala za zamani huzunguka sana), kanuni za uchaguzi, na orodha ya wajumbe wenye haki ya kupiga kura.

Katika katiba tafuta mambo manne. Wajumbe wangapi wanatosha kufungua mkutano? Mshindi anahitaji theluthi mbili au zaidi ya nusu, na duru ya pili inakwendaje? Mgombea anahitaji barua ngapi za kuungwa mkono, na je, mjumbe mmoja anaweza kuwaandikia wagombea wawili? Mwisho, watu wanachaguliwa mmoja mmoja au kwa orodha nzima? Hilo la mwisho linadharauliwa. Kwenye orodha nzima, pamoja na prezida unayempenda unaweza kupokea mweka hazina usiyemjua, mbuzi ndani ya gunia.

Kinachoharibika mara nyingi ni barua ya uwakilishi. Entente yenye ugomvi hutuma watu wawili, kila mmoja na muhuri wake, na mlangoni wote wawili wanaachwa nje. Ugomvi huo umalizwe kabla, kwa PV (muhtasari wa kikao) yenye sahihi za klabu zenyewe. Jina kwenye orodha lifanane na kitambulisho herufi kwa herufi. Pingamizi nalo lina muda wake, na muda huo ni mfupi: lipeleke kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo kwenye korido hayahesabiwi popote.

Tume ya uchaguzi isiwe na mgombea wala mtu wa komite inayoondoka. Na waziri asiwe na kiti humo. FIFA inadai kila shirikisho lijiendeshe bila mkono wa mtu wa nje, na adhabu yake si hadithi: majirani zetu wa Congo-Brazzaville walisimamishwa Februari 2025 wakarudishwa Mei mwaka huohuo. Kenya na Zimbabwe zilisimamishwa 2022. Sisi wenyewe, mwaka 2023 FIFA iliiweka FECOFA chini ya komite ya kurekebisha mambo, maana sheria za FIFA zinairuhusu kuiondoa komite ya shirikisho na kuweka nyingine ya muda.

Maswali ya kumuuliza mgombea

Anza na pesa. Kwa kipindi cha 2023 hadi 2026 mpango wa FIFA Forward unaweza kulipa shirikisho moja hadi dola milioni 8: milioni 5 za uendeshaji na milioni 3 za miradi. Muulize mgombea: hesabu zilizokaguliwa ziko wapi, na wewe utazitoa lini kila mwaka? Asiyejua hata kiasi kinachoingia hawezi kukuambia kinachotoka.

Pili, DTN wake atakuwa nani. DTN, yaani mkurugenzi wa ufundi, ndiye anayepanga mafunzo ya makocha wa miji kama Likasi, Kipushi na Kasumbalesa, na ndiye anayepaswa kuandika sifa za kocha wa taifa. Mgombea mwenye jina la kocha mfukoni lakini hana jina la DTN, sisi hatumpi kura. Amekwisha kuchagua bila kupima, na mara nyingi kuna wakala nyuma yake.

Kuhusu bahasha ya "transport" usiku wa kuamkia kura, unajua mwenyewe. Nauli inalipwa na shirikisho, kwa orodha na sahihi, kiasi kimoja kwa wote. Nyingine ni matabishi, yaani hongo.

Sifa kabla ya majina

Komite mpya ikikaa, isiruhusu jina lolote mezani kabla karatasi ya sifa haijaandikwa. Ukurasa mmoja au miwili unatosha, na uanze na hesabu ya siku.

Siku za FIFA, zile ambazo klabu huachia wachezaji waende timu za taifa, mara nyingi huchukua kama siku 9 au 10 na michezo miwili. Wachezaji wanaotoka Ulaya hufika Jumatatu usiku au Jumanne, mchezo wa kwanza mara nyingi ni Alhamisi au Ijumaa. Toa siku ya kupumzisha miguu, toa siku ya safari: kocha anabaki na mazoezi mawili au matatu kamili. Kwa mwaka mzima, ukiondoa mashindano, hafiki siku 50 na kikosi chake. Hapo ndipo anapoanguka kocha aliyetamba kwenye klabu kwa mfumo unaohitaji mazoezi ya kila asubuhi. Si kocha mbaya. Kazi ndiyo nyingine: kuchagua watu, kuwaweka pamoja haraka, na kusoma mchezo ukiendelea.

Sifa ya pili ni simu, yaani kuongea na wachezaji mapema. Wachezaji wetu wengi wamezaliwa au kukulia Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi na Uingereza, kwa hiyo kocha na watu wake wawafuate miaka mingi kabla, wala wasisubiri mchezaji aachwe na nchi nyingine. Aaron Wan-Bissaka, aliyechezea vijana wa England, alivaa jezi yetu mwaka 2025. Sheria ya FIFA ya 2020 inamruhusu hata aliyekwisha kuchezea timu ya wakubwa ya nchi nyingine kuhama, lakini kwa masharti: asizidishe michezo mitatu, awe alicheza kabla ya kutimiza miaka 21, ipite miaka mitatu tangu mchezo wa mwisho, na asiwe amekanyaga uwanja kwenye fainali za Kombe la Dunia au za bara. Kocha asiyeyajua hayo atapoteza mwaka akimbembeleza mtu asiyeruhusiwa.

Tatu, wachezaji wa ndani. CHAN, mashindano ya timu za taifa za Afrika, ni ya wanaocheza ligi ya nchi yao tu, na tuliichukua 2009 na 2016. Mwaka 2016 kocha alikuwa Florent Ibenge, ambaye wakati huohuo aliifundisha AS Vita Club ya Kinshasa. Faida ilionekana: aliwaona wachezaji wa ligi kila wiki. Lakini kofia mbili zina gharama yake. Kila orodha inahojiwa na klabu pinzani, na hapa Lubumbashi, kati ya klabu pinzani Mazembe na Lupopo, orodha ya namna hiyo isingemaliza hata saa moja bila ugomvi. Ukikubali kofia mbili, andika mwisho wake kwenye mkataba, kwa tarehe.

Mzungu au mwana wa nchi? Swali hilo linakula mikutano mingi kuliko linavyostahili. Hervé Renard aliwapa Zambia kombe la Afrika 2012, Aliou Cissé akawapa Senegal la kwao wenyewe. Uzoefu wa Afrika una uzito kuliko pasipoti: Sébastien Desabre, kabla ya kuja kwetu Agosti 2022, alikuwa ameifikisha Uganda kwenye kumi na sita bora za AFCON (kombe la Afrika) 2019. Tofauti na hapo, aliyemtangulia, Héctor Cúper, alikuwa na historia kubwa ya Ulaya, fainali mbili za Ligi ya Mabingwa akiwa Valencia, na bado safari yake nasi ilifupishwa.

Kuchuja

Majina kumi au kumi na mawili kwanza, matatu mwisho. Kabla ya jambo lolote, hakiki leseni kwa kuliandikia shirikisho lililoitoa. Picha ya cheti kwenye WhatsApp si leseni. Leseni za CAF, shirikisho la mpira la Afrika, zinapanda D, C, B, A hadi Pro, na kwa timu ya taifa usishuke chini ya A ya CAF au Pro ya Ulaya.

Jopo liwe la watu watano: DTN, makocha wawili wasiotafuta kazi hiyo, daktari au mtu wa maandalizi ya mwili, na mtu wa fedha. Prezida asikae. Akikaa, wengine wote wanasubiri aseme yeye kwanza.

Kila mmoja wa watatu apewe video za michezo miwili ya mwisho ya timu, siku tano kabla. Siku ya mahojiano aeleze kwa dakika thelathini alichokiona, alete orodha ya wachezaji 23 na sababu ya kila mmoja, na aandike mazoezi matatu ya kabla ya mchezo wa ugenini kwenye joto. Kwa maksi 100, sisi tungetoa 35 kwa usomaji wa michezo hiyo, 25 kwa kazi zake za nyuma, 20 kwa namna anavyoishi na wachezaji, 20 kwa timu ya wasaidizi. Kila mjumbe aandike maksi kabla ya majadiliano. Lugha hatuitilii maksi: bila Kifaransa kinachoeleweka chumbani, hapiti.

Simu za kuulizia habari zake zisiishie kwa watu aliowataja mwenyewe. Mpigie nahodha wake wa zamani, daktari wa timu, na hasa mhasibu. Mhasibu anajua alidai nini nje ya mkataba na aliondoka namna gani.

Mkataba

Andika mlango wa kutokea kabla ya mshahara. Kanuni za FIFA kuhusu ajira ya makocha, zilizoanza 2021, zinasema mkataba usipotaja fidia, kocha aliyefukuzwa bila sababu ya haki anaweza kudai thamani ya miezi iliyobaki, ikipunguzwa na kile atakacholipwa kwenye kazi mpya. Tuseme mshahara ni dola 30.000 kwa mwezi na imebaki miezi 18: ni dola 540.000. Kipengele cha fidia ya miezi mitatu kingegharimu 90.000. Lakini fidia iwabane wote wawili sawasawa, kwa sababu kipengele kinachobeba upande mmoja tu kinaweza kutupwa na majaji.

Kucheleweshwa kwa mshahara ndio ugonjwa mkubwa. Miezi miwili isipolipwa, kocha akaandika barua ya kudai na kutoa siku 15, anaweza kuvunja mkataba kwa haki yake na bado akadai fidia. Kwetu mshahara wa kocha wa Léopards unatoka serikalini. Si kosa, ila anayetia sahihi ajue kwamba deni linaweza kurudi kwa shirikisho. Kwa hiyo ahadi ya wizara iwe barua ya pembeni yenye tarehe, na pesa za miezi mitatu ziwekwe benki kabla ya kocha kutangazwa. FIFA ikishaamua, muda wa kulipa ni siku 45, na shirikisho lisilolipa linaweza kuzuiliwa sehemu ya pesa za maendeleo. Rufaa kwenye TAS, mahakama ya michezo ya Lausanne, ina siku 21 tu. Barua inayosahaulika kwenye barua pepe ya katibu imeshagharimu mashirikisho mengi.

Malengo yaandikwe kwa hatua: kufuzu, kuvuka makundi, robo fainali. Usihesabu ushindi. Kwenye AFCON iliyochezwa Januari na Februari 2024 tulimaliza wa nne, na katika michezo saba tulishinda mmoja tu ndani ya dakika 90, ule wa Guinea, 3 kwa 1. Mwenye kuhesabu ushindi angemfukuza Desabre baada ya sare tatu za makundi. Wengine watakutajia Côte d'Ivoire, waliomwacha Jean-Louis Gasset baada ya makundi na Emerse Faé akachukua kombe. Ni kweli, ilitokea. Usiijenge nyumba juu yake.

Ongeza mambo ambayo husahaulika: siku ngapi kwa mwaka kocha atakaa nchini, na michezo mingapi ya Linafoot ataiona Lubumbashi, siyo Kinshasa peke yake, wasaidizi wangapi ni wake na wangapi wa shirikisho, angalau mmoja awe Mkongomani mwenye kazi iliyoandikwa, nani ana neno la mwisho kwenye orodha ya wachezaji. Jibu la hilo ni kocha. Likiachwa wazi, simu zitaanza kumlilia usiku.

Na kuna kipengele kimoja kisichogharimu kitu: video, ripoti za wachezaji wanaofuatiliwa, vipimo vya mwili na namba za familia zao ni mali ya shirikisho, na nakala inawekwa kwa DTN ndani ya siku kumi baada ya kila mkusanyiko. Pasipo hayo kocha huondoka na kompyuta yake, na anayemfuata anaanza kutafuta wachezaji kwenye intaneti kama mshabiki.