Mkeka, jamvi au zulia la katani: anza na sakafu

Mikeka mingi inayotupwa Mtwara na Lindi haikumalizwa na miguu. Imeoza kwa chini. Ukiigeuza unakuta ukungu mweusi, ukili (utepe wa majani yaliyosukwa, unaoshonwa ubavu kwa ubavu kuwa mkeka) umelegea, na harufu ya chumba kilichofungwa mwezi mzima. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya kitu chochote, pima sakafu yako.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Kata nailoni nzito na safi, sentimita 50 kwa 50. Fagia sakafu, kisha bandika nailoni kingo zote nne kwa solotepu pana, pasibaki upenyo wa hewa. Iache siku mbili mahali pasipopigwa na jua. Ukiibandua ukakuta matone upande wa chini, au saruji imeiva rangi kuliko ya pembeni, sakafu inapandisha unyevu. Pima sehemu tatu: katikati ya chumba, kona ya ukuta wa nje, na upande unaopakana na bafu. Na upime masika. Sakafu iliyokauka vizuri mwezi wa nane inaweza kutoka jasho mwezi wa tatu.

Unyevu huo una vyanzo vyake. Saruji mpya hukauka polepole, takriban milimita 25 kwa mwezi, hivyo zege la sentimita 10 linataka miezi minne hivi kabla ya kufunikwa. Nyumba nyingine hazikuwekewa nailoni chini ya zege, maji ya ardhini yanapanda moja kwa moja. Halafu kuna mchanga wa ufukweni. Fundi akiuchanganya bila kuoshwa, chumvi inabaki ndani ya sakafu na huvuta maji kutoka hewani miaka na miaka. Dalili yake ni unga mweupe unaorudi kila ukiufagia. Kupaka rangi juu yake ni kupoteza fedha, itabanduka vipande vipande.

Nyumba za zamani za mawe na chokaa, kama zile za Mikindani na Kilwa Kivinje, zina tabia yao. Chokaa hupumua. Ukiziba sakafu yake kwa nailoni au kwa zulia lenye mpira nyuma, unyevu haupotei, unakimbilia ukutani na plasta inaanza kudondoka.

Kama sakafu haikauki, bado unaweza kuwa na mkeka, ila utandike kwa namna ulivyokusudiwa tangu mwanzo: unatandikwa watu wakikaa, wakiondoka unakunjwa na kusimamishwa. Wazee wa pwani hawakuuacha mkeka chini wiki nzima. Kisichokufaa kabisa hapo ni zulia lenye mpira nyuma. Kwa juu linaonekana zima, kwa chini limekwisha.

Kuchagua

Ukindu hutoa mkeka laini wenye ukili mwembamba, unaofaa chumba cha kulala na mahali pa kukaa bila viatu. Miyaa, au milala kama wengi wanavyoiita, ni migumu zaidi, na ndiyo ya jamvi: upana mkubwa, barazani, madrasa, shughuli na misiba. Katani ina nguvu kuliko zote mbili na inahimili sebule yenye miguu mingi, lakini inakunywa maji kama sifongo. Mkoa wa Lindi ni mmoja wa mikoa yenye historia ndefu ya mkonge, ila historia hiyo haiizuii katani kupata doa la maji. Isiwekwe bafuni, jikoni, wala chumba cha mtoto anayekojoa kitandani. Makumbi ya nazi hayaogopi maji wala chumvi, kwani kabla ya kupondwa hufukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa. Mahali pake ni mlangoni.

Ukiletewa mkeka wa ukindu, ufungue wote. Usikubali kuoneshwa upande wa juu tu. Uinue uelekee mwanga: vitundu vidogo vilivyo sawasawa havina neno, lakini mwanya mrefu kati ya ukili na ukili maana yake mshono haukukazwa vya kutosha, na hapo ndipo utakapofumukia. Shika ukili miwili iliyopakana, uivute kila mmoja upande wake. Mshono usicheze. Pinda kona moja polepole. Ukisikia mlio wa kukatika, majani yalianikwa kupita kiasi au mkeka umekaa juani dukani. Nusa. Harufu ya majani makavu ni sawa, harufu ya uvundo ni ukungu uliokwishaanza. Mwisho, lowesha kitambaa cheupe, usugue mstari wa rangi mara kumi. Kitambaa kikitoka na rangi, kanga na kanzu zako nazo zitatoka nayo.

Bei ya mkeka imo kwenye ukili. Mkeka wa sentimita 180 kwa 120 wenye ukili wa sentimita 4 unataka vipande 30 vya mita 1.8, yaani mita 54 za kusuka, bado pindo na kushona. Ukili ukiwa wa sentimita 8, ni nusu ya hapo. Ndiyo maana mikeka miwili ya ukubwa mmoja inaweza kutofautiana bei sana bila mtu kukupiga. Anayeagiza ataje upana wa ukili pamoja na urefu na upana wa mkeka.

Kutandika

Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya mkeka na ukuta. Nafasi hiyo ndiyo njia ya hewa, na ndiyo itakayokuonesha njia ya mchwa mapema. Nyufa zote za sakafu zibwe kwa saruji kwanza, maana mchwa hupenda mahali penye giza pasipoinuliwa.

Zulia la katani lisikatwe siku linapoletwa. Lifungue, lilale chumbani humo siku mbili. Litavuta unyevu wa chumba na kubadilika kipimo kidogo, na ukikata kabla ya hapo utalikuta limevimba na kuinuka katikati, au limepwaya pembeni. Kila ukingo uliokatwa ushonewe kitambaa cha turubai cha upana wa sentimita 6 siku hiyo hiyo, kwani katani iliyokatwa huanza kufumuka mara moja. Usiligundishe sakafuni. Likilala huru unaweza kuliinua.

Kwenye vigae mkeka huteleza. Weka chini yake wavu wa mpira wenye matundu, usiwe mpira mzima. Miguu ya kochi na kitanda iwekewe vibao vidogo au vipande vya tairi, la sivyo itakata ukili kama kisu.

Usafi wa kila siku

Adui wa juu ni mchanga. Chembe zake zinakwaruza nyuzi kila mtu anapokanyaga, na vumbi jekundu la Newala au Tandahimba lina ubaya wa pili, linapaka rangi. Zulia la makumbi nje ya mlango na lingine ndani linapunguza kazi kubwa. Fagia kwa ufagio laini kufuata ukili, usiukate kwa kukingama. Fagio la chelewa ni la uani. Ncha zake zinachokoa mshono.

Mara moja kwa wiki inua mkeka, ukung'ute, fagia chini yake, uanike saa moja au mbili asubuhi, upande wa chini ukielekea jua. Kuuacha juani kutwa ni kosa la watu wengi wenye nia njema. Jani linakauka, linakuwa kama biskuti, na rangi zinafifia.

Mkeka wa ukindu unaweza kupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita 3 za maji, kisha kitambaa kingine cha maji matupu. Usiuloweke kwenye beseni. Katani isipakwe povu kabisa.

Madoa

Msimu wa korosho ukifika, yaani kuanzia mwezi wa kumi, mabibo yasiliwe juu ya mkeka. Maji yake yana tanini, na doa lake likikauka huwa la kahawia na halitoki. Likidondoka, bonyeza kitambaa kikavu hapo hapo bila kusugua, kisha kitambaa chenye maji baridi. Korosho zenye maganda nazo zisibanguliwe hapo. Mafuta ya ganda yanaacha weusi, tena yanababua ngozi, na mtoto atakuja kulala palepale.

Mafuta ya kupikia au mchuzi: nyonya kwa kitambaa, mwagia unga wa muhogo mkavu, uache usiku kucha, asubuhi upigwe brashi. Nta ya mshumaa iache igande, uikwangue kwa mpini wa kijiko.

Maji safi yakimwagika kwenye katani huacha duara lenye ukingo wa kahawia, kwa sababu uchafu wa ndani ya nyuzi husafiri na maji hadi yanapokomea. Dawa yake ni kunyunyizia maji kidogo sana, kama ukungu, eneo lote hadi kwenye mshono wa karibu, kisha kukausha kwa feni ili likauke kwa pamoja. Ukilowesha duara pekee, unapata duara la pili, kubwa zaidi.

Ukungu usiupige brashi ndani ya nyumba, utausambaza. Toa mkeka nje, ujifunge kitambaa puani, upige brashi ungali mkavu, kisha pangusa kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, uanike penye upepo. Dawa za klorini za kung'arishia nguo ziache. Zinafanya ukindu uwe mweupe siku moja na kuukatisha wiki zinazofuata.

Kuhifadhi na kurekebisha

Kusi likishika na mvua kwisha, ndio wakati wa kukagua kila kilichotandikwa. Kinachowekwa kiviringishwe, upande wa juu ukiwa ndani, kisikunjwe mara nne kama shuka, maana penye mkunjo ndipo ukili hukatikia. Kiwe kikavu hasa. Tia majani makavu ya mwarobaini, funga kwa kitambaa cha pamba, kiweke juu ya kitu, mbali na sakafu. Ukifunga kwa nailoni unakifungia na jasho lake.

Mshono ukifumuka urefu wa kiganja, usisubiri. Chukua chane za ukindu (majani yaliyopasuliwa membamba), ziloweshe nusu saa mpaka zilainike, shona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, ukianzia vidole viwili kabla ya pale palipofumuka na kumalizia vidole viwili mbele yake, ukivuta kila tundu kwa nguvu ile ile. Usitumie uzi wa nailoni. Ni mgumu kuliko jani, na mkeka ukikanyagwa utakata kingo za ukili. Ukili ukiwa wenyewe umekatika, toa kipande chote hadi mahali pazima na ushone kingine cha upana huo huo, ambacho aliyesuka mkeka atakusukia ukimpelekea kipande cha zamani akipime.