Soyuz Ikiruka: Namna ya Kufuatilia Zamu Mpya Mpaka Mlango wa Kituo Ufunguliwe

Anza na saa. Warusi hutangaza safari za Soyuz, chombo chao kinachopeleka watu kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kwa saa za Moscow, na Moscow haisogezi saa majira ya joto wala ya baridi: saa yake ndiyo ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Ukisoma 15:36, kwako ni saa tisa na dakika 36 alasiri. Aliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi aondoe saa moja, wa Muscat aongeze moja. Matangazo ya NASA, shirika la anga la Marekani, ndiyo yenye kazi, maana hutumia saa za mashariki mwa Marekani: ongeza saa saba kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa nane miezi iliyobaki. Wiki ile Marekani inaposogeza saa ndiyo inayowakosesha wengi.

Pili, jua unachokitazama. Soyuz si lori la mizigo. Ikiwa na watu watatu hupandisha kilo mia moja na ushei tu za vitu. Maji, chakula, hewa na mafuta ya kituo huletwa na Progress, chombo kisicho na mtu kinachobeba kama tani mbili na nusu, kisha hujazwa taka na kuachwa kiungue juu ya Pasifiki. Soyuz hupeleka watu, na hupeleka jambo lingine ambalo watangazaji hulipita haraka: njia mpya ya kurudia nyumbani. Kila mkaaji wa kituo lazima awe na kiti chake ndani ya chombo kilichotia nanga pale, ili ikitokea dharura aingie na kuondoka. Na chombo hicho huchakaa. Injini ndogo zinazokielekeza kibonge cha kurudia hutumia haidrojeni peroksidi, kemikali inayooza polepole hata ikikaa tu tangini. Ndiyo maana kwa miaka mingi muda wa Soyuz angani uliwekewa mpaka wa karibu siku 200, na ndiyo maana zamu zilibadilishwa kila baada ya miezi sita au zaidi kidogo.

Kwa mfano tutumie Soyuz MS-25 ya Machi 2024, kwa kuwa karibu kila jambo la kujifunza lilitokea humo. Waliokuwemo ni kamanda Oleg Novitskiy wa Urusi, Marina Vasilevskaya wa Belarus na Tracy Dyson wa Marekani.

Kabla ya kuruka

Washa matangazo saa moja kabla. Watu huingia chomboni kama saa mbili na nusu kabla ya muda, roketi ikiwa tayari inajazwa mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika. Ule mvuke mweupe unaofuka ubavuni ni oksijeni inayochemka na kuachiwa nje makusudi. Usiogope ukiuona. Uangalie ukikatika: matundu yamefungwa, matangi yanapandishwa shinikizo, na dakika zilizobaki ni chache.

Usisubiri mtu ahesabu kumi hadi sifuri. Baikonur, uwanja wa kurushia roketi ulioko Kazakhstan, hutoa amri moja moja, na ya kuisikilizia ni "klyuch na start", ufunguo uwekwe kwenye kuruka. Kutoka hapo mitambo ndiyo inayoendesha. Vyumba 20 vikubwa vya mwako huwashwa kwa pamoja, na viwashio vyake bado ni baruti zilizofungwa kwenye fremu za mbao. Ni mtindo wa kizamani, na haujaachwa kwa kuwa haujawaangusha.

Hapa ndipo MS-25 ilipokwama. Tarehe 21 Machi, zikiwa zimebaki kama sekunde 20, mitambo yenyewe ilisimamisha kila kitu: volti za betri zilikuwa zimeshuka chini ya kiwango. Ukiona jambo kama hilo, usizime. Baki uone nguzo za huduma zikirudishwa kuikumbatia roketi, maana watu hawawezi kushuka kabla ya hapo. Na usitegemee kesho yake saa ileile. Roketi haina dirisha la saa mbili tatu, ina sekunde yake, pale Baikonur inapopita chini ya njia ya kituo. MS-25 iliruka tarehe 23, saa tisa na dakika 36 alasiri.

Dakika tisa za kupanda

Shika saa yenye sekunde, uanze kuhesabu roketi inapoachana na ardhi. Namba hizi hupishana kwa sekunde chache kutoka safari hadi safari:

1:54 – mnara mwembamba wa kujiokoa ulio kileleni hutupwa.
1:58 – vipande vinne vya ubavuni huachia kwa pamoja. Moshi wao huchora msalaba angani, na msalaba ukiwa sawa pande zote ni habari njema.
2:33 – ganda linalofunika chombo hufunguka, mwanga wa jua huingia dirishani.
4:47 – kiunzi cha kati huachwa, hatua ya tatu ya roketi ikiwa imeshawaka juu yake.
8:45 – injini huzimwa, na sekunde tatu baadaye chombo huachana na roketi.

Ukipoteza hesabu, tazama kamera ya ndani. Mbele ya kamanda hutundikwa kikaragosi kwa uzi. Muda wote injini zinapounguruma uzi hukazana, na zikizimwa kikaragosi huelea. Ni mapambo, lakini hakuna kipimo cha haraka kumshinda.

Dakika ya pili ndiyo ya kushika pumzi. Tarehe 11 Oktoba 2018, safari ya MS-10, kihisio kimoja kilikuwa kimepindika wakati wa kuunganisha roketi. Kipande kimoja cha ubavuni hakikuachia vizuri, kikaupiga mwili wa kati. Mfumo wa kujiokoa uliwachomoa Aleksey Ovchinin na Nick Hague, wakatua salama karibu na Zhezkazgan baada ya dakika 19 na ushei. Kumbuka kwamba mnara wa kileleni ulikuwa umeshatupwa. Waliokolewa na injini nyingine zilizo kwenye ganda, kwa hiyo anayekwambia mnara ukishaondoka hakuna tena kinga, msahihishe.

Chombo kikishaachana na roketi, sikiliza maneno mawili: antena na mabawa ya sola. Septemba 2014 bawa moja la Soyuz TMA-14M liligoma kufunguka, na chombo kikafika kituoni hivyo hivyo kwa umeme wa lile jingine. Antena za rada ndizo zinazoumiza vichwa zaidi, kwa kuwa bila rada hakuna kujiendesha hadi kituoni.

Saa tatu au siku mbili?

Soyuz huanza chini, kama kilomita 200, na kituo kiko juu, kama 400 na kidogo. Aliye chini huzunguka upesi zaidi, hivyo humkimbilia aliye juu, kisha huwasha injini kupanda kidogo kidogo. Kituo kikiwa mahali panapofaa wakati wa kuruka, mizunguko miwili inatosha, na mwaka 2020 MS-17 ilifika kwa saa tatu na dakika chache. Kisipokuwa hapo, ni mizunguko 34, siku mbili nzima ndani ya nafasi finyu.

Waendeshaji huisogeza njia ya kituo mapema ili siku ya kuruka iangukie pazuri. Ndiyo sababu kuahirisha siku mbili kuliigharimu MS-25 njia ndefu. Inaweza pia kuharibika baada ya kuruka. Machi 2014 TMA-12M ilipangiwa saa sita, uwashaji mmoja wa injini ukakosekana, ikarudi kwenye ratiba ya siku mbili. Hakuna aliyekuwa hatarini. Ratiba ndefu hubebwa kama gurudumu la akiba.

Kutia nanga

Rudi kwenye skrini saa moja kabla ya muda uliotangazwa. MS-25 ilifika Prichal, gati linaloangalia dunia, tarehe 25 Machi saa kumi na mbili na dakika tatu jioni.

Picha utakayoiona ni ya kamera ya Soyuz yenyewe, ikiwa na tarakimu juu yake. Mbili ndizo za kufuata: umbali na kasi ya kukaribia. Zote zishuke pamoja. Umbali ukipungua huku kasi ikigoma kushuka, hapo pana tatizo. Kisha tazama shabaha, msalaba uliosimama mbele ya kisahani. Msalaba ukikaa katikati ya kisahani, chombo kimenyooka. Ukiegemea upande, chombo kimepinda.

Kwenye mita 150 hadi 200 chombo husimama. Ni ukaguzi wa mwisho, wala hakijakwama. Mfumo wa rada, Kurs, ukikataa, kamanda hushika vishikizo viwili, wa kushoto wa kusogeza na wa kulia wa kugeuza, akaendesha kwa mkono. MS-14 ya Agosti 2019 haikuwa na mtu ndani wa kufanya hivyo. Kifaa cha kukuza mawimbi upande wa kituo kilipoharibika, ilibidi irudishwe nyuma, Soyuz nyingine ihamishiwe kwenye gati hilo bovu kwa mkono, ndipo MS-14 ipewe gati zima.

Mguso ni wa taratibu, sentimita 10 hadi 30 hivi kwa sekunde. Mchi wa Soyuz huingia kwenye faneli ya kituo na kunaswa, na muda huo kituo huzima injini zake ili kisipambane na mgeni. Mchi huvutwa ndani, kisha kulabu hufungwa. Neno "mguso" si mwisho. Subiri kulabu.

Mbona mlango haufunguliwi?

Swali hili huulizwa kila safari. Saa mbili hivi hupita. Nafasi ndogo kati ya milango miwili hujazwa hewa, shinikizo huachwa litulie, hupimwa kama linavuja, kisha husawazishwa. Ukali huo una kaburi nyuma yake: Juni 1971 vali moja ilifunguka Soyuz 11 ikirudi, hewa ikatoka, na Dobrovolsky, Volkov na Patsayev wakafa wakiwa bila suti za shinikizo. Leo kila anayepanda au kushuka na Soyuz huvaa suti ya Sokol.

Mlango ukifunguliwa usihesabu watu tu, hesabu viti. Kila mmoja ana kitako kilichofinyangwa kwa mgongo wake, na akibadilisha chombo, kitako hufuatana naye. MS-25 inaonyesha hesabu ilivyo: Novitskiy na Vasilevskaya walikaa wiki mbili, wakarudi tarehe 6 Aprili na MS-24 pamoja na Loral O'Hara. Dyson alibaki. Viti viwili vya MS-25 vikawa vya Oleg Kononenko na Nikolai Chub, waliokuja na MS-24 Septemba 2023 na kushuka na MS-25 Septemba 2024. Wao walikaa mwaka, chombo hakikukaa.

Hesabu ikivurugika, zamu nzima husogea. Desemba 2022 tundu lisilofika milimita moja liliivujisha MS-22 kimiminika cha kupoozea. MS-23 ikapandishwa tupu, na Prokopyev, Petelin na Rubio waliokwenda kwa miezi sita wakakaa siku 371.

Wanaorudi

Kutoka kuachana na kituo hadi ardhini ni kama saa tatu na nusu. Injini huwashwa kwa dakika nne na ushei kupunguza mwendo, vipande vitatu vya chombo huachana karibu nusu saa kabla ya kutua, na cha katikati tu ndicho hufika. Parashuti huanza kufunguka kilomita 11 hivi kutoka ardhini, ndogo kwanza, kisha ile kubwa ya mita za mraba 1,000. Chombo kikishindwa kujielekeza hushuka kama jiwe lililorushwa. Mwaka 2008 TMA-11 ilifanya hivyo, ikawabana waliokuwemo kwa zaidi ya mara nane ya uzito wao na kutua mamia ya kilomita pungufu ya mahali palipopangwa.

Mwishoni kabisa, chini ya mita moja kutoka kwenye nyasi za Kazakhstan, utaona mwale na wingu la vumbi likikimeza kibonge. Si mlipuko. Ni injini za kupunguza kishindo, na zikiwaka hivyo zimefanya kazi.