Namna ya Kukuza Ujuzi wa Kidijitali kupitia Kazi za Vitendo za Masomo ya Habari, na Namna ya Kuuthibitisha

Mwanafunzi wa uandishi wa habari au utangazaji anapoulizwa ujuzi wake wa kidijitali umekua kwa kiasi gani, mara nyingi hujibu kwa kutaja programu za kuhariri video: alianza na CapCut, akahamia Premiere Pro, na sasa anatumia DaVinci Resolve. Jibu hilo halithibitishi lolote, kwa kuwa programu yeyote anaweza kuisakinisha. Mtahini au mwajiri makini hutafuta maamuzi, yaani tatizo lililojitokeza, njia uliyochagua kulitatua, sababu za kuichagua, na tofauti inayoonekana au kusikika katika kazi yenyewe. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kupanga kazi zako za vitendo tangu muhula wa kwanza ili ushahidi wa maamuzi hayo uwepo siku utakapohitajika.

Anza na zoezi moja dogo ambalo utalirudia. Zoezi linalofaa ni lile lililotumiwa na bodi ya mitihani ya OCR ya Uingereza katika mtaala wake wa zamani wa Media Studies wa ngazi ya A-level: mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi mkabala na mwenzake, kisha wanasemezana maneno machache. Ni zoezi la dakika moja tu, lakini linadai mambo matatu ambayo ndiyo msingi wa uhariri wa picha. Kitendo kilichoanza katika picha moja kiendelee katika picha inayofuata bila kuruka. Picha za wazungumzaji zipokezane. Na kamera ibaki upande mmoja wa mstari wa kuwaziwa unaowaunganisha wazungumzaji hao, kanuni ambayo hujulikana kama kanuni ya nyuzi 180. Mwishoni mwa masomo, mtihani wa mtaala huo ulimtaka mwanafunzi aeleze jinsi stadi zake zilivyokua kutoka kazi ya kwanza hadi ya mwisho, na teknolojia ya kidijitali ilikuwa mojawapo ya maeneo ambayo angeweza kuulizwa, pamoja na ubunifu, utafiti na mipango, uhariri, na matumizi ya kaida za kazi halisi za vyombo vya habari. Mtaala huo umekwishabadilishwa, lakini wazo la kulinganisha kazi ya mwanzo na ya mwisho bado ni zuri kuliko mitihani mingi ya nadharia.

Rekodi zoezi hilo kwa simu uliyo nayo, hata kama ni katika chumba cha bweni, na usilirekebishe baadaye. Hifadhi klipu mbichi na faili la mradi wa uhariri pamoja na video iliyokamilika, kwa sababu video iliyokamilika huonyesha matokeo bila kuonyesha njia. Kila muhula unapoisha, lirudie kwa maneno yaleyale na, ikiwezekana, katika chumba kilekile. Hapo tofauti itakayoonekana haitaweza kusingiziwa mada nzuri zaidi au mandhari ya kuvutia.

Sambamba na zoezi hilo, weka daftari la kazi. Baada ya kila kazi andika mistari michache inayojibu maswali matatu: tatizo lilikuwa nini, niliamua nini, na nini kilibadilika. Chukua mfano wa taa. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na kwa hiyo taa nyingi za ndani, hasa za mirija na za LED za bei nafuu, hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi huwa zimepangwa kurekodi fremu 30 (yaani picha mojamoja zinazounda video) kwa sekunde, na shata, yaani kilango cha kamera kinachoruhusu mwanga, ikifunguka kwa muda usiolingana na mdundo huo wa taa, video hujaa michirizi inayopanda na kushuka. Anayejua hupanga fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50, na michirizi hupungua sana au kutoweka. Sasa linganisha maelezo mawili. Mmoja anaandika kwamba alijifunza kutumia programu ya kamera yenye mipangilio ya mkono. Mwingine anaandika kwamba aliona michirizi katika mahojiano ya ukumbini, akatambua kuwa inatokana na taa, akabadilisha kasi ya shata, na klipu mbili, ya kabla na ya baada, anazo. Wa pili ndiye aliyeonyesha ujuzi, ingawa huenda wote wawili walibonyeza kitufe kilekile.

Sauti inastahili muda mwingi kuliko picha, na hapa ndipo maendeleo huonekana haraka zaidi. Mtazamaji atavumilia picha inayotikisika kidogo, lakini mahojiano yasiyosikika atayaacha. Kabla ya kununua kifaa chochote, punguza umbali kati ya kipaza sauti na mdomo wa mzungumzaji: kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti yake huongezeka kwa takribani desibeli 6, huku kelele za chumba zikibaki karibu vilevile. Simu ya pili iliyowekwa katika mfuko wa shati la mzungumzaji, ikiwa inarekodi sauti tu, mara nyingi huishinda kamera ya gharama kubwa iliyosimama upande wa pili wa chumba. Mzungumzaji agonganishe viganja mara moja mbele ya kamera mwanzoni, ili baadaye uoanishe sauti na picha kwa urahisi. Panga sauti irekodiwe kwa kilohezi 48, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha video, na uhakikishe vilele vyake, yaani sehemu zenye sauti kubwa zaidi, vinabaki kati ya desibeli -12 na -6. Sauti ya kidijitali ikigonga sifuri, ambayo ndiyo kikomo chake cha juu, vilele vyake hukatwa, na hakuna programu inayoirejesha kama ilivyokuwa. Zima feni. Subiri bodaboda ipite. Kabla ya kuondoka, nasa nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo, kwani ndio utakaoziba mapengo unapokata maneno.

Kuna hitilafu moja inayowasumbua wengi bila wao kujua chanzo chake. Simu nyingi hurekodi video kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika, na katika mahojiano marefu midomo na maneno huanza kupishana kadiri dakika zinavyosonga. Kabla ya kuhariri, pitisha klipu katika HandBrake, programu isiyolipiwa, na uchague kasi ya fremu isiyobadilika. Lihesabu jambo hili kuwa ukuaji na uliandike katika daftari, kwa sababu anayelifahamu ameanza kuelewa faili lenyewe.

Utunzaji wa mafaili haupendezi kusimulia, lakini ndio unaookoa kazi. Tumia majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, ili kompyuta iyapange yenyewe. Weka nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Piga hesabu ya nafasi mapema: video inayorekodiwa kwa megabiti 17 kwa sekunde hutumia karibu megabaiti 128 kwa dakika, hivyo mahojiano ya nusu saa yanakaribia gigabaiti 4. Ukimtumia mwenzako klipu kwa WhatsApp, itume kama hati, kwa maana ikitumwa kama video ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Na kama kompyuta yako ni dhaifu, tengeneza nakala nyepesi za klipu ndani ya programu ya kuhariri, uhariri kwa hizo, kisha programu itarudi kwenye klipu asilia wakati wa kutoa video ya mwisho.

Sehemu nyingine ya ujuzi huu ni kujua usichopaswa kuchapisha. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Kwa hiyo ridhaa ya unayemhoji iandikwe au irekodiwe, na izingatiwe kwamba picha ya simu inaweza kubeba taarifa za mahali ilipopigwa. Muziki nao una wenyewe: kumtaja msanii mwishoni mwa video si sawa na kupata kibali chake. Vilevile, manukuu (maandishi ya maneno yanayosemwa) yaliyotengenezwa na mashine yasomwe neno kwa neno kabla ya kuwekwa kwenye video, hususan majina ya watu na mahali.

Unapofika wakati wa kuandika maelezo ya ukuaji wako, usisimulie kila kazi. Chagua maamuzi matatu, la mwanzo, la katikati na la mwisho, na kila moja ulipe aya yake. Aya inaweza kwenda hivi: “Katika zoezi la kwanza sauti ya mwenzangu ilimezwa na feni, kwa sababu nilitegemea kipaza sauti cha simu iliyokuwa mita mbili kutoka alipoketi. Katika makala ya mwisho niliweka kinasa sauti sentimita 20 kutoka mdomoni mwake na nikanasa ukimya wa chumba. Kwa hiyo niliweza kukata sentensi mbili bila msikilizaji kutambua mkato.” Hakuna jina la programu hata moja katika aya hiyo, na haihitaji.

Ambatisha klipu fupi mbili kwa kila uamuzi, ya kabla na ya baada, sekunde 10 hadi 20 kila moja, katika muundo wa MP4 unaofunguka kwenye simu ya kawaida. Ukizipakia mtandaoni, fungua viungo vyake kwa simu ya mtu mwingine ambaye hajaingia katika akaunti yako, uone kama vinafunguka bila kuomba ruhusa, ndipo uwasilishe.