Jinsi ya Kuandika Majaribio Otomatiki ya Mkataba Mahiri

Mkataba mahiri, yaani programu inayotunza na kuhamisha pesa za kidijitali, ukishapakiwa kwenye mtandao wa Ethereum, msimbo wake haubadilishwi pale ulipo, na dosari iliyobaki humsubiri yeyote atakayeigundua. Mwezi Juni 2016, mfuko wa uwekezaji wa The DAO ulichotwa takribani etha (sarafu ya Ethereum) milioni 3.6 kwa sababu mkataba wake ulituma pesa kwanza, ndipo ukapunguza salio. Kwa hiyo majaribio yenye thamani kubwa ni yale yanayothibitisha kwamba mkataba unakataa unachopaswa kukataa.

Tuchukue mkataba wa akiba ambao kila mtu hutoa etha zake tu, na mmiliki pekee huchukua ada. Katika Foundry, zana ya kujaribu mikataba mahiri, majaribio huandikwa kwa Solidity, lugha ileile ya mkataba: fankisheni ya setUp huandaa mkataba upya kabla ya kila jaribio, na amri ya forge test huendesha kila fankisheni ambayo jina lake linaanza na test. Jaribio la kuweka na kutoa halina makuu. Linganisha salio la kabla na la baada. Kiasi kikiwa kigezo cha fankisheni, Foundry, usipobadilisha mpangilio wake, hujaribu thamani 256 za kubahatisha, nawe tumia fankisheni ya bound kuziweka ndani ya mipaka inayoingia akilini.

Penye kazi ni kwenye kukataliwa. Tanguliza vm.prank ili wito unaofuata uonekane umetoka kwa mtu baki, kisha weka vm.expectRevert, inayodai wito huo ukataliwe, halafu ita fankisheni ya kuchukua ada. Taja kosa mahususi unalolitarajia, kwani expectRevert tupu huridhika na kosa lolote: mtu baki anaweza kukataliwa kwa kuwa hakuna ada iliyokusanywa, wala si kwa kuwa hana ruhusa, na jaribio likafaulu huku mlango uko wazi.

Kwa shambulio la aina ya The DAO, andika mkataba mdogo wa mshambuliaji ambao, kila unapopokea etha, huita tena fankisheni ya kutoa. Kabla ya kuuachilia, weka akiba za watu wengine, maana bila hizo hakuna cha kuiba na jaribio halipimi kitu. Kisha hakikisha akiba hizo zimebaki zilivyokuwa.

Mwishowe futa kwa makusudi mstari unaokagua mmiliki, uendeshe majaribio yote. Yasipofeli, hayalindi mstari huo, hata kama ripoti inasema asilimia 100 ya msimbo imepitiwa.